Mmea wa mitungi uliogoma kutoa mitungi: jibu kwa Baba Neema wa Segerea

Baba Neema ameandika barua ndefu, nami naifupisha. Miezi saba iliyopita alinunua mmea wa mitungi, ile mimea inayonasa wadudu, kwenye kitalu cha maua kando ya Barabara ya Bagamoyo. Ulikuwa na mitungi mitatu na kibandiko kilichoandikwa *Nepenthes* tu. Akauweka sebuleni karibu na dirisha, akawa anaumwagilia maji ya kisima kila asubuhi, na mara mbili akatumbukiza vipande vya nyama ndani ya mitungi. Yote mitatu imekauka. Majani mapya yanatoka, marefu na ya kijani kibichi, ila kikono kinachoning'inia kwenye ncha ya kila jani kinageuka cheusi na kunyauka kabla hakijatoa chochote. Sasa ameona kwenye simu mbegu za *Nepenthes rajah*, "mkubwa kuliko yote, unakula panya", na anauliza: aununue huo aachane na huu uliogoma? Mama Neema naye anauliza kama mitungi hiyo haizalishi mbu nyumbani.

Baba Neema, mbegu usinunue. Mmea ulionao ni mzima na unaponyeka, na Dar es Salaam ni mahali pazuri sana pa kukuza mimea ya mitungi, hata ile mikubwa, ili mradi uchague ile inayopenda joto la usiku. Hapo kwenye usiku ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nianze hapo.

Huyo *Nepenthes rajah* yupo kweli. Porini anaota kwenye mlima Kinabalu na jirani yake Tambuyukon tu, katika jimbo la Sabah nchini Malaysia, kisiwani Borneo, kati ya mita 1,500 na 2,650 kutoka usawa wa bahari. Waingereza Hugh Low na Spenser St. John waliukuta mwaka 1858, na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akauelezea kitaalamu mwaka 1859. Mtungi wake mkubwa unapita sentimita 35 kwa urefu na unabeba zaidi ya lita mbili na nusu. Habari ya panya nayo ina chanzo: St. John aliandika kwamba walikuta panya amezama ndani ya mtungi mmoja. Lakini watafiti waliokaa na mmea huo siku hizi wameona jambo jingine. Mnyama mdogo anayefanana na kindi, aitwaye *Tupaia montana*, pamoja na panya wa mlimani, huja kulamba utamu unaotoka chini ya kifuniko, na wakiwa wamepanda pale juu hujisaidia ndani. Mmea unajipatia mbolea yake. Kwa hiyo ule ukubwa unaotangazwa kwenye simu ni wa choo zaidi kuliko wa mtego, ingawa wadudu nao unawanasa.

Sasa fikiria usiku wa huko juu: nyuzi 10 hadi 15, ukungu, baridi ya kujifunika. Dar mwezi wa kwanza unaamka saa tisa usiku shuka limelowa jasho, kipimajoto kinasoma 25. Hata mwezi wa saba, tunapovaa masweta na kulalamika, usiku hauendi mbali chini ya 19. Mmea hutengeneza sukari mchana kwa mwanga wa jua, usiku unaitumia kwa kupumua, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo matumizi yanavyopanda. Mmea wa mlimani ukiletwa pwani unakula akiba yake kila usiku. Majani mapya yanakuwa madogo kuliko ya nyuma yake, mitungi inakoma, na baada ya miezi kadhaa shina linaoza kuanzia kitovuni. Wenyewe husema umeugua, wakati kilichouua ni joto.

Najua utawaza chumba cha AC. Inawezekana, ukiwa na fedha za kununua uniti za LUKU kwa ajili ya ua na hujali umeme ukikatika wakati wa joto kali. Ila AC inakausha hewa kwa kasi, na mmea huu unataka hewa yenye unyevu, kwa hiyo utanunua na mashine ya ukungu, kisha na kabati la kioo la kuuzuia ukungu usitoroke. Kuna watu duniani wanaofanya hivyo na wanafurahi. Mimi naona ni kujitafutia kazi. Kama una ndugu Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, au Tukuyu, ya mlimani mwachie yeye.

Mbegu zenyewe ni mkasa mwingine. Mimea hii ina jinsia: mmea mmoja ni dume, mwingine ni jike, na lazima vyote viwili vichanue wakati mmoja ndipo mbegu zipatikane. Mbegu yake ni nyembamba kama uzi uliokatwa, urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo, imevimba kidogo katikati. Uhai wake ni mfupi. Zikikaa miezi kadhaa kwenye bahasha ya joto nyingi zimekufa. Ukitumiwa punje za duara, au nyeusi zinazofanana na za mchicha, umeuziwa kitu kingine. Na picha zenye mitungi ya bluu ni za kompyuta, hakuna mtungi wa bluu. Hata ukibahatika kupata mbegu halali na hai, *rajah* anakua polepole mno. Miaka itapita bado una kitu cha ukubwa wa sarafu.

Turudi kwa uliyo naye. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa kibandiko hakikutaja aina, nakisia ni chotara wa vitaluni, mojawapo ya wale wanaozalishwa kwa maelfu barani Ulaya na Asia kwa sababu ni wagumu kufa. Hiyo ni heri kwako.

Kikono kinachokauka kwenye ncha kinasema mambo matatu: maji, mwanga na upepo. Chukua jani jipya kabisa ulichunguze kwenye mwanga. Ncha yake inaendelea kama kamba nyembamba, na mwisho wa kamba hiyo kuna kidude bapa, kidogo kama punje ya mchele, chenye manyoya ya rangi ya kutu. Huo ndio mtungi. Mambo yakiwa mazuri kidude kinaanza kujipinda kuelekea juu, kisha kinajazwa hewa na kuvimba, pande zake zinatengana, na kifuniko kinabaki kimefungwa kabisa. Tayari ndani kuna maji ambayo mmea wenyewe umeyatengeneza, hakuna mdudu aliyewahi kuyaona. Siku moja kifuniko kinafunguka. Ukingo wa mdomo unakuwa bado mwembamba na rangi haijaiva. Kwa siku kadhaa unaendelea kujikunja kwa nje na kukomaa, ukipata mistari yake na ule mng'ao. Ukingo huo ukilowa, mdudu hawezi kusimama juu yake, anateleza ndani. Kutoka kidude bapa hadi mtungi kamili ni wiki nyingi, na katika wiki hizo zote kikono hakitaki kukauka hata kidogo. Vyako vinakauka vikiwa bado kwenye hatua ya punje ya mchele.

Mshtakiwa wa kwanza ni kisima chako. Visima vingi vya Dar vina chumvi na chokaa, wewe mwenyewe unajua sabuni inavyogoma kutoa povu na ule weupe unaoganda ndani ya birika. Mimea hii asili yake ni udongo usio na rutuba, unaooshwa na mvua kila siku. Mizizi yake haikuumbwa kupambana na madini. Kila unapomwagilia, maji yanakauka na madini yanabaki, na baada ya miezi saba chungu chako kimekuwa kijaruba cha chumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi, tena kunaikoleza, kwa sababu maji yanayopungua ni mvuke na chumvi inabaki sufuriani. Kuchuja kwa kitambaa au kuacha yatuame usiku kucha hakuondoi kilichoyeyuka.

Nunua kipimo cha TDS, kile kidogo kama kalamu kinachosoma madini yaliyoyeyuka kwenye maji, hakina gharama kubwa. Maji yakisoma chini ya 50 ni mazuri sana. Hadi 100 mmea utavumilia. Yakipita 200 usimwagilie, tafuta mengine. Maji ya DAWASA yanayotoka Mto Ruvu kwa kawaida yana nafuu kuliko ya kisima, ila yapime ya kwenu, tena majira tofauti, maana mto wa masika si mto wa mwezi wa kumi. Maji ya chupa yasikudanganye. Mengi yameongezewa madini ili yawe na ladha, soma kibandiko.

Dawa halisi ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo kibaraza chenye bati la mita 20 za mraba, kikipata mvua ya milimita 10, kinakupa lita 200. Mmea wako mkubwa hauhitaji hata lita mbili kwa siku. Masika moja ukikinga vizuri, una maji ya kukufikisha vuli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, kinga inayofuata. Pipa lifunike kwa chandarua kilichobana, nitaeleza sababu nikifika kwenye swali la mama.

Kiangazi maji yakiisha, tega ndoo chini ya bomba la AC. Maji yale yanatokana na unyevu wa hewa, karibu hayana madini, na ofisi nyingi za Posta na Kariakoo zinayamwaga barabarani mchana kutwa. Yaepuke tu siku fundi anaposafisha mashine kwa dawa. Wengine wanatumia maji ya betri kutoka vituo vya mafuta. Ni sawa, lakini hakikisha umepewa maji yaliyosafishwa ya kuongezea, kwa sababu kuna kidumu kingine kinachokaa rafu hiyo hiyo na ndani yake ni tindikali.

Kabla ya lolote, osha chungu chako. Kipeleke nje, mimina maji ya mvua kutoka juu hadi yatoke chini, mara nyingi, kwa siku mbili tatu. Pima yanayotoka chini. Namba itakushtua mwanzoni, kisha itashuka.

Mwanga sasa. Dirisha la sebule zetu lina pazia, nondo, wavu wa mbu, na nje yake kuna mwembe wa jirani. Macho yetu yanaona kuna mwanga, mmea unaona giza. Majani marefu, laini, ya kijani kilichoiva sana bila wekundu wowote ni ushahidi. Utoe nje, mahali panapopata jua la asubuhi hadi saa tatu au saa nne, baada ya hapo kivuli cha wazi. Ukiwa na neti nyeusi ya kivuli ya asilimia 50, itundike na mmea ukae chini yake siku nzima. Usiutoe sebuleni ukauweka kwenye jua la saa saba mara moja, utaungua madoa meupe yasiyopona. Usogeze taratibu kwa wiki mbili. Majani yakianza kupata wekundu kidogo kwenye kingo, umefika, usiongeze.

Upepo unapuuzwa na wengi. Unyevu wa hewa ya Dar unatosha kabisa, huo tumepewa bure, lakini sebuleni feni ya juu inazunguka usiku na mchana na kikono ndicho cha kwanza kukauka. Nje, tafuta kona ambayo ukuta unakinga kusi. Wenzetu wa Kigamboni na Mbezi Beach wana mtihani wa ziada, upepo wa bahari unabeba chumvi na kuiacha juu ya majani. Wao wayaoshe majani kwa maji ya mvua mara kwa mara. Segerea uko salama.

Kuhusu udongo hukusema kitu, nami nahisi uliuongezea mboji. Kama ndivyo, utoe wote. Udongo mwekundu, samadi, mboji, mbolea ya chumvichumvi, vyote vinachoma mizizi. Ughaibuni wanatumia sfagnamu, mmea mdogo wa kinamasi unaokaushwa, na kwetu hupatikana kwa taabu na kwa bei. Sisi tuna makumbi ya nazi. Yakatekate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, changanya na usumba kidogo, mkaa uliopondwapondwa ukaoshwa vumbi, na mawe mepesi ya volkeno ukiyapata kutoka Mbeya au Arusha. Mchanganyiko uwe wa kupitisha maji upesi kiasi kwamba ukimimina juu yanaonekana chini papo hapo, lakini ukiminya kipande mkononi kiwe na unyevu.

Onyo moja juu ya makumbi: yana chumvi, na yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza kamba yameshiba maji ya bahari. Loweka kwenye ndoo ya maji ya mvua, kesho yake yamwage maji yale ya rangi ya chai, weka mengine, rudia kwa wiki nzima huku kipimo chako cha TDS kikiwa kazini. Namba ikitulia karibu na ile ya maji uliyoweka, makumbi yako tayari. Usichanganye mchanga wa pwani wala kokoto za matumbawe, hizo ni chokaa tupu. Zipo aina chache zinazoizoea, kama *Nepenthes northiana* inayoota juu ya majabali ya chokaa huko Bau, Sarawak, kisiwani Borneo, lakini nyingi haziiwezi.

Chombo kiwe cha plastiki. Ndoo ya lita 10 iliyotobolewa matundu mengi chini na ubavuni inafaa kuliko chungu cha udongo cha mapambo, kwa sababu chungu cha udongo kinavuta maji na kuacha madini kwenye kuta zake. Utakapohamisha utaona mizizi michache, myembamba, myeusi tii. Usiogope ukadhani imeoza na kuanza kuikata. Mizizi ya mimea hii huwa myeusi ikiwa mizima, na inakatika kwa kuguswa tu, kwa hiyo uhamishe na bonge lake bila kuitikisa. Mwagilia kila siku asubuhi na usiache ndoo ikae ndani ya beseni la maji.

Majani uliyonayo sasa hayatatoa mitungi tena. Kikono kilichokauka kimekauka. Subiri jani jipya, na kwa joto letu linakuja takriban kila mwezi. Kwa hiyo usitegemee mtungi kabla ya miezi miwili mitatu, na la kwanza huenda likatoa kidogo cha ajabu ajabu. La tatu ndilo lipime.

Unataka ukubwa, na sikulaumu. Kwa hapa Dar ningekushauri hivi. Anza na chotara aitwaye Miranda. Mitungi yake inafika sentimita 30 na anasamehe makosa mengi. Baada yake *Nepenthes rafflesiana*, wa nyanda za chini za Borneo, Sumatra na rasi ya Malaysia, mwenye mitungi ya madoa mekundu, na aina yake kubwa ya Borneo ni ya kujivunia. Kutoka Ufilipino kuna *Nepenthes merrilliana*, asili yake Mindanao na visiwa vya jirani karibu na usawa wa bahari, mitungi minene inayopita sentimita 30. Kwa maoni yangu huyo ndiye *rajah* wa mtu wa pwani. Kuna pia *Nepenthes truncata* wa Mindanao, majani yake yamekatwa ncha kama moyo na mtungi unaweza kufika sentimita 40, lakini porini anaota kuanzia chini hadi mita 1,500, hivyo muulize muuzaji kizazi chake kimetoka bondeni au mlimani. Akishindwa kujibu, acha.

Ninayempenda mwenyewe si mrefu wa mtungi. Ni *Nepenthes bicalcarata* wa misitu ya kinamasi ya Borneo, mwenye meno mawili yaliyochongoka chini ya kifuniko. Ndani ya vikono vyake vilivyovimba huishi sisimizi, *Camponotus schmitzi*, wanaopiga mbizi ndani ya mtungi na kuogelea wakitoa mizoga. Hapa Dar hao sisimizi hawapo na mmea unakua vizuri bila wao. Jani lake pana linakuwa kubwa kama kawa, na akishapanda juu anahitaji nguzo. Porini hufika mita 20. Anapenda unyevu mwingi kuliko wengine na joto letu halimsumbui kabisa.

Watu wananiuliza pia juu ya jirani yetu wa Madagaska. *Nepenthes madagascariensis* ndiye wa kwanza katika jamii hii yote kuandikwa na Wazungu, Étienne de Flacourt mwaka 1658, na anaota pwani ya mashariki ya kisiwa kile. Angestahimili Dar bila shida. Bara letu la Afrika lenyewe halina hata mmoja wa porini, ajabu ya jiografia.

Chakula. Nyama usirudie. Inaoza haraka kuliko mtungi unavyoweza kuimeng'enya, na kinachooza kinaua mtungi wenyewe. Mmea ukikaa nje utajilisha: sisimizi, inzi, hata wale sisimizi wakali waitwao maji moto kutoka kwenye mwembe wanafuata utamu wa ukingo na hawarudi. Ukitaka kusaidia, wakati wa mvua kumbikumbi wakijaa chini ya taa, okota wawili watatu kwa kila mtungi mkubwa, basi. Mende ni mlo mzuri pia, mradi hajapuliziwa dawa. Mtungi ukimwagika wakati wa kuuhamisha, rudishia maji ya mvua robo yake tu. Kitu kimoja cha kuchunga ni vidung'ata, wale weupe wa ungaunga wanaojificha kwenye makwapa ya majani na kuchungwa na sisimizi. Wafute kwa pamba yenye spiriti kabla hawajawa kijiji.

Mama Neema ana hoja. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, *Aedes aegypti*, anazaa kwenye maji safi kidogo yaliyotulia: kifuu, tairi, kopo. Mtungi wenye afya ni mahali pagumu kwa kiluwiluwi huyo, maji yake ni makali na yana vimeng'enya. Huko Asia wapo mbu maalumu waliozoea kuishi ndani yake, lakini hao si wa kwetu. Mtungi unaokaribia kufa, uliojaa maji ya mvua tu, huo ni kopo kama kopo jingine, umwage au uukate. Hatari kubwa nyumbani kwako itakuwa kisahani cha chini ya ndoo na pipa la maji ya mvua. Kisahani ondoa. Pipa, kama nilivyosema, chandarua kilichobana bila upenyo.

Ukiamua kuagiza kutoka nje, fuata njia halali. Jamii yote ya *Nepenthes* iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. *Rajah* na *khasiana* wa India wako Kiambatisho cha I, chenye masharti makali kuliko yote, waliobaki Kiambatisho cha II. Utahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayouza, na hati ya CITES ya muuzaji. Mimea iliyozalishwa maabara na kusafirishwa ndani ya chupa zilizofungwa bila vijidudu ina unafuu kwenye upande wa CITES kwa wale wa Kiambatisho cha II, lakini cheti cha afya bado kinatakiwa. Ndugu anayekuja likizo asikuwekee mmea kwenye begi. Uwanja wa ndege wataunyang'anya, na haki wanayo.

Agiza ufike kati ya mwezi wa sita na wa nane, joto likiwa limepungua. Ukifika, upande kwenye makumbi yaliyooshwa, ufunike na mfuko mkubwa wa nailoni unaopitisha mwanga, uweke kwenye kivuli pasipo jua hata kidogo maana ndani ya mfuko jua linapika. Wiki ya pili toboa matundu, ya tatu ongeza, ya nne uvue. Mitungi utakayokuja nayo itakauka yote kwa sababu ya safari. Ikate ikishakuwa kahawia, na uangalie ncha ya jani litakalotokea hapa hapa.